AC haili gesi: barua ya wazi kwa wanaoidhinisha kazi zetu Tanga

Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Tanga, na wakuu wa taasisi za umma mkoani ambao saini zao ndizo zinazotulipa sisi mafundi. Nakala kwa uongozi wa VETA Tanga.

Waheshimiwa,

Baada ya salaam, niingie moja kwa moja kwenye jambo ambalo kila fundi friji analijua na wateja wetu wengi hawajawahi kuambiwa: AC haili gesi. Gesi iliyomo ndani ya kiyoyozi haiungui wala haichakai kama mafuta ya gari. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika, inageuka mvuke, inabeba joto la chumbani na kulitupa nje, kisha inarudi. AC isiyovuja inaweza kumaliza umri wake wote na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Kwa hiyo ofisi inayolipia "kuongeza gesi" kila baada ya miezi michache inalipa ili tundu liendelee kuwepo.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, banda langu liko Ngamiani. Nilianza kwa kumshikia spana fundi mzee kabla sijaenda chuo kupata cheti, kwa hiyo nayajua maisha ya pande zote mbili. Naandika kwa sababu katika mji huu fundi anayefanya kazi kamili anazidi kuonekana mwizi, na anayeruka nusu ya kazi anaonekana mwenye huruma.

Mwaka jana ofisi moja ya umma hapa mjini, sitaitaja, ilitaka AC zake zifanyiwe matengenezo. Nilikwenda kukagua nikaandika 140,000 kwa kila AC iliyokuwa haipozi. Aliyepata kazi aliandika 60,000. Kwenye karatasi zote mbili kazi ilikuwa na jina moja, "servisi na kujaza gesi", kwa sababu fomu ya ofisi ndivyo ilivyoandikwa. Ofisa ununuzi akitazama mezani kwake anaona vitu viwili vinavyofanana, kimoja 140,000 na kingine 60,000, na nyuma yake kuna mkaguzi wa hesabu atakayemuuliza kwa nini alichukua cha ghali. Mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningempa kazi yule mwenzangu bila kusita.

Naomba mnivumilie kidogo niifungue hiyo tofauti ya shilingi 80,000, muone kilichomo.

Bomba la AC likifunguliwa, hewa inaingia, na hewa ya Tanga ina maji. Hilo halihitaji mtaalamu. Aliyelala Raskazone mwezi wa pili anajua shuka linavyokuwa asubuhi. Sasa, AC za kisasa, zile za gesi ya R410A na R32, kompresa zake, yaani mashine zinazoisukuma gesi, zinalainishwa na mafuta ya aina inayonyonya unyevu. Unyevu ukikaa humo na lile joto la kompresa, inatengenezwa asidi, na asidi inakula taratibu vanishi inayozitenga nyaya za mota. Kompresa haifi siku hiyo. Wiki ya kwanza inafanya kazi, mwezi wa kwanza inafanya kazi, mteja anasifu. Inakufa kaskazi linalofuata. Fundi wa bei poa ameshalipwa siku nyingi, na anayeitwa kuja kutoa habari mbaya ni mwingine kabisa. Ofisi nyingi zikisikia bei ya kompresa huona bora zinunue AC mpya, na fedha hiyo inatoka kwenye kifungu kingine, kwa hiyo hakuna anayeijumlisha na ile 60,000.

Dawa ya unyevu ni pampu ya vakyumu. Unaifunga kwenye mfumo, inanyonya mpaka presha ya ndani inashuka kiasi kwamba maji yaliyojificha humo yanachemka yenyewe na kutoka kama mvuke, bila kupashwa moto. Kipimo tunachokifuata ni maikroni 500 kushuka chini. Presha ya hewa tunayovuta sasa hivi ni takriban 760,000. Ukifika hapo unafunga koki, unazima pampu, unaitazama geji. Namba ikitulia, mfumo ni mkavu na hauvuji. Ikipanda, kuna tundu au kuna maji yamebaki, unarudi mwanzo. Kwa AC ndogo ya ukutani ni kama nusu saa. Mfumo uliolowa unaweza kula nusu siku.

Nusu saa hiyo ndiyo inayotuponza. Fundi amekalia ndoo, amekunja mikono, kimashine kinanguruma pembeni. Mhudumu anapita na chai: "Fundi, mbona umekaa?" Baadaye bosi mwenyewe anachungulia mlangoni, haulizi kitu, lakini sura yake unaisoma. Mwenzangu wa 60,000 hana pampu. Anafungulia gesi kidogo isukume hewa itoke upande wa pili, inapiga fyuu kwa sekunde chache, anakaza nati, anajaza huku ameshika bomba kwa kiganja. Akiona limekuwa baridi anasema tayari. Anatoka jasho, anapanda na kushuka ngazi, anaonekana anachapa kazi kwelikweli. Sehemu ya kazi inayoonekana kwa macho anaifanya yote. Ninayoitoza zaidi mimi ni ile ambayo mteja anaiona kama mapumziko.

Kiganja nacho hakitoshi. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, inajazwa ikiwa kimiminika, mtungi umegeuzwa, na inapimwa kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Presha yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya R22, gesi ya AC za zamani, kwa hiyo hata geji na mipira ya zamani haifai. Pampu, geji ya kidijitali, mizani, mtungi wa naitrojeni wa kupimia mvujo: hivyo vyote nimevinunua, na vyote viko ndani ya ile 140,000.

Miezi kadhaa baada ya kazi ile kumpita, niliitwa kwenye ofisi hiyohiyo. AC ya chumba cha mwisho ilikuwa inapuliza hewa ya chumbani tu. Nilipofunua sponji ya bomba kule nje nikakuta nati ya shaba imeviringishwa selotepu nyeusi ya umeme, imelowa mafuta mpaka inateleza mkononi. Mafuta hayo ndiyo ushahidi, maana gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa. Chini ya selotepu, mdomo wa bomba ulikuwa na ufa. Aliyeukaza mara ya kwanza aliukaza kwa nguvu zake zote akidhani nguvu ndiyo ufundi. Kukata kipande kidogo cha bomba, kuupanua mdomo upya na kufunga ilikuwa kazi fupi. Kilichokula muda ni pampu. Kwenye faili lao AC ile ilikuwa imeshaongezwa gesi mara tatu. Kila mara kwa bei nzuri.

Sijaigusa gesi yenyewe, na hapo ndipo panaponitia hofu kuliko fedha.

AC nyingi kuukuu kwenye majengo yetu bado ni za R22. Gesi hii inaharibu tabaka la ozoni, na kilo moja yake ikiachiwa hewani inapasha joto dunia sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo nchi yetu imo, mataifa yanayoendelea yalikubali kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuziacha ifikapo 2030, kibaki kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Maana yake kwa duka la vipuri ni rahisi kueleweka: bidhaa inaadimika, anayeitaka bado yupo, na palipo na hali hiyo wachakachuaji hawako mbali. Mtungi unaandikwa R22 na ndani yake kuna kitu kingine.

Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka katika bandari za nje, na watu waliokuwa wakiyafanyia kazi wakafa. Ilipochunguzwa ikaonekana kompresa zilikuwa zimejazwa gesi bandia yenye R40, ambayo ikikutana na aluminiamu inatengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Tanga ni mji wa bandari, makontena ya baridi tunayajua, na mabomba ya aluminiamu yamo hata kwenye AC za ukutani. Fundi anayenunua mtungi kwa sababu ni wa bei ya chini, na kumjazia mteja kwa sababu ni wa bei ya chini, anaweza kuwa hajui kabisa amebeba nini. Simlaumu sana. Hakuna aliyemwambia, na hana kifaa cha kuipima.

Kuna na hizi zinazowaka waziwazi. Friji nyingi mpya za nyumbani zina R600a, ndugu wa gesi ya kupikia. R32 nayo inawaka, ingawa si kwa wepesi huo. Mafundi waliozoea R22 wana tabia ya kuwasha moto wa kuchomelea bomba likiwa bado na mabaki ya gesi, kwa sababu R22 haikuwa inalipuka. Tabia hiyo kwenye friji ya R600a, jikoni, milango imefungwa ili upepo usizime moto, haihitaji nimalizie. Mimi mwenyewe nimekuta AC ya zamani ya R22 imejazwa R290, ambayo ni propani, bila kibandiko wala alama yoyote ya kumwonya fundi atakayefuata. Fundi atakayefuata nilikuwa mimi, na nina watoto.

Mwenzetu wa umeme anaulizwa leseni ya EWURA kabla nyumba haijaletewa mita. Mimi kwa miaka yote hii ofisi za umma zimeniuliza TIN, leseni ya biashara na risiti ya EFD, na ni haki yao. Hakuna hata moja iliyoniuliza kama nina pampu.

Nisieleweke vibaya. Sitaki vijana wafukuzwe mjini. Wengi wanaonipiga bei chini ni vijana wa Makorora, Mabawa na Mikanjuni waliojifunza kwa kuangalia, wana mikono myepesi kuliko yangu, na wangefanya kazi safi kama wangekuwa na vifaa. Wala siombi mtupangie bei ya chini kabisa, kama wanavyopendekeza baadhi ya wenzangu vijiweni. Bei ya lazima itampa mbabaishaji 140,000 badala ya 60,000, na selotepu itabaki palepale. Mtu akiweza kufanya kazi yote niliyoieleza kwa 60,000, mpeni, na mimi nitakwenda kumwomba anifundishe.

Ninachoomba ni kazi iandikwe. Fomu ya kuomba bei isiseme tena "servisi na kujaza gesi". Iseme: fundi atafute mvujo kwa naitrojeni na aonyeshe ulipo kabla ya kuongeza hata gramu moja, azibe, avute vakyumu mpaka maikroni 500 na namba isimame mbele ya ofisa wa ofisi, ajaze kwa mizani na aandike gramu, aache kibandiko kwenye mashine chenye tarehe, aina ya gesi, uzito na namba yake ya simu. Kwa majengo ya pwani, kuanzia Raskazone mpaka Sahare, iongezwe kuosha yuniti ya nje kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi inakula zile bati nyembamba za aluminiamu mpaka zinapukutika ukizigusa, na servisi ya kupuliza vumbi kwenye chujio la ndani haisaidii huko nje chochote. Hayo yote yanaingia ukurasa mmoja, na yanaweza kuwekwa kwenye maelezo ya kazi hata mnaponunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Mkishaandika hivyo, chukueni bei ya chini kabisa, sitalalamika, kwa sababu sote tutakuwa tumeuza kitu kimoja.

Ofisa wa kushuhudia hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kusoma namba kwenye kioo cha geji, kusubiri dakika kumi, kuisoma tena, na kupiga picha kwa simu. Anayekuja bila geji atajulikana hapohapo getini.

La pili litawaudhi wenzangu: sehemu ya malipo yetu, tuseme asilimia 20, ibaki kwenu kwa miezi mitatu. AC ikipoteza gesi ndani ya muda huo, turudi bure au tuikose. Najua watasema fedha za serikali zinachelewa hata zisipozuiwa, na wana haki ya kusema hivyo. Kuna ankara zangu zimezeeka kuliko mtoto wangu wa mwisho. Basi na ninyi mjifunge kulipa ile asilimia 80 ndani ya mwezi mmoja. Fundi anayejua alichofunga hataogopa kungoja.

Kuhusu vijana na vifaa, njia mnayo tayari. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi friji watano kikikopeshwa pampu moja nzuri, geji, mizani na mashine ya kunyonya gesi ya zamani badala ya kuiachia hewani, watano hao wanahama upande. Pikipiki tunakopeshana kila mwaka. Mashine ya kunyonya gesi sijasikia ikiombwa na kikundi chochote, na huenda ni kwa sababu hakuna zabuni inayoihitaji. Fomu ikibadilika, maombi yatakuja.

Na kwenu VETA, mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi ni mzuri, nimeona watu waliofanya kazi miaka 20 bila karatasi wakipata cheti na kusimama wima. Kwa fani yetu, naomba mtahini asimpitishe mtu kwa kuwasha AC ikapoza. AC inapoza hata ikijazwa vibaya. Ampe mfumo uliolowa, geji na saa, akae naye. Kozi fupi ya gesi zinazowaka nayo iwekwe jioni au Jumamosi, kwa sababu fundi wa mtaani akikosa siku tatu za kazi nyumbani hawali.

Mtaona nimezungumzia ofisi na vyumba vya mikutano, mkafikiri haya ni mambo ya starehe. Ununuzi wa namna hiyohiyo ndio unaomleta fundi kwenye friji ya zahanati, na chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, si pungufu si zaidi. Ndio unaomleta kwenye friza za wauza samaki pale Deep Sea, ambako "inapoza kidogo" maana yake ni mzigo wa siku nzima kutupwa.

Fomu niliyoieleza nimeshaiandika kwa kadiri ya uwezo wangu na nimeiambatisha kwenye nakala ya barua hii niliyoipeleka masjala ya Jiji. Ina mapungufu, hasa upande wa vyumba vikubwa vya baridi ambavyo sivifanyi kila siku. Mafundi wanaovijua waijazie. Jengo lolote mtakalochagua kwa majaribio nitakuja na pampu yangu, na ofisa ununuzi akitaka kukaa na mimi kwenye ndoo ya pili ile nusu saa, atakaribishwa. Naomba ianze kabla ya Desemba, joto halijaanza, kwa sababu kaskazi likishaingia kila mtu anataka AC yake ipoze leo, na hapo hakuna atakayesoma fomu.

Wenu,
Fundi friji na viyoyozi
Ngamiani, Tanga